MAWE YA IGWISI NA MWAMBA WA ALMASI
Somo kwa waalimu, masheha na wasomaji wa Pemba

Mara nyingi mtu hulima shamba lake, au hupita pwani maji yakipwa, akaokota kijiwe kinachong'aa, akakifunga katika pindo la shuka yake na kwenda nacho kwa mwalimu au kwa sheha, akiuliza, "Je, hii si almasi?" Swali hili ni jema, kwani kuuliza si ujinga. Lakini lataka jibu la hakika. Mtu asipolipata kwa mjuzi atalipata kwa mjanja, na mjanja hatoi jibu bure. Wako watu waliotoa fedha ya mavuno ya karafuu, hata wakaweka rehani mikarafuu yenyewe, kwa ajili ya kijiwe kisichonunua hata pishi ya mchele.

Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze leo habari za mwamba ubebao almasi, vitu vilivyomo ndani yake, na habari za vilima vitatu vidogo vya Unyamwezi ambavyo mawe yake yamewashangaza wataalamu wa dunia nzima. Mwisho tutasema kwa nini mwamba huo haupatikani Pemba, na njia ya kukipima kijiwe kabla ya kukitolea fedha.

1. Mwamba uitwao kimbalaiti

Mwaka 1867 almasi ilionekana karibu na Hopetown katika Afrika ya Kusini, na mwaka 1871 zikaonekana nyingi mahali palipokuja kuitwa Kimberley. Kwanza watu walizichimba katika udongo wa manjano. Walipofika chini zaidi wakakuta mwamba mgumu wenye rangi ya samawati, na wengi wakauza viwanja vyao wakidhani almasi zimekwisha. Kumbe mwamba ule wa samawati ndio mama, na udongo wa manjano ni mwamba ule ule uliooza kwa mvua na jua. Mwamba huo ukapewa jina kwa mji wa Kimberley, nao ndio kimbalaiti.

Kimbalaiti ni mwamba wa moto, yaani hapo kwanza ulikuwa uji wa mawe yaliyoyeyuka. Lakini haufanani na miamba mingine ya volkano. Uji wake hutoka chini mno, kiasi cha kilomita 150 au zaidi. Kisiwa chetu urefu wake ni kama kilomita 67. Tukivisimamisha wima visiwa viwili kama hiki, kimoja juu ya mwenziwe, bado hatujafika huko unakotoka.

Tena uji huo hupanda kwa haraka. Sababu yake ni hewa ya kaboni na mvuke wa maji vilivyofungwa ndani yake. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi kwa chupa ya soda. Chupa ikiwa imezibwa, hewa haionekani. Ukiitikisa na kuifungua, povu hutoka kwa nguvu na kuyachukua maji pamoja nalo. Ndivyo uji wa kimbalaiti unavyopasua njia yake katika miamba, na ukikaribia juu hupasuka kwa kishindo na kuacha shimo lenye umbo la karoti, pana juu na jembamba chini.

Hapa pana jambo moja ambalo wengi hulikosea. Kimbalaiti haikuitengeneza almasi. Almasi ni kaboni tupu, ndugu wa makaa na masizi ya chungu, iliyobanwa na uzito mkubwa chini ya nchi, na nyingi katika hizo zina umri wa miaka zaidi ya milioni 1,000. Kimbalaiti ilikuja baadaye sana, ikapita pale zilipolala, ikazichukua. Mfano wake ni jahazi na shehena. Jahazi halikuipanda mikarafuu. Limechukua magunia tu. Na kama ilivyo kwa majahazi, ziko kimbalaiti zilizofika na shehena nyingi, ziko zilizofika na kidogo, na ziko nyingi zilizofika tupu.

2. Vitu vilivyomo ndani yake

Mtu akitaka kuijua kimbalaiti aanze na silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga mweupe. Mchanga safi wa kwatzi karibu wote ni silika. Majabali makubwa ya mawe ya Mwanza yana silika kiasi cha sehemu 70 katika 100. Mawe meusi ya volkano za kawaida yana sehemu zipatazo 50. Kimbalaiti ina sehemu 25 hadi 35 tu. Badala ya silika imejaa magnesiamu, ambayo pamoja na oksijeni yake hufika robo ya mwamba wote, na pengine theluthi. Tena ina potasiamu, chokaa, hewa ya kaboni na maji kuliko tungavyotazamia katika mwamba maskini wa silika kama huu.

Vitu hivyo vimeungana vikawa madini mbalimbali, nayo yaliyo makuu ni haya:

Olivini. Hili ni jiwe la rangi ya kijani kibichi kama zeituni, limefanyika kwa magnesiamu, chuma kidogo na silika. Ndilo jingi kupita yote. Maji yakiliingia hugeuka kuwa serpentini, jiwe laini lenye utelezi. Katika kimbalaiti nyingi za zamani olivini karibu yote imekwisha geuka.

Ulanga wa rangi ya hudhurungi. Huu huambuka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu, nao ndio wenye potasiamu.

Kalsaiti. Hii ni chokaa iliyoungana na hewa ya kaboni. Tutairudia hapa chini, kwani watu wa Pemba wanaijua bila kujua jina lake.

Ganeti nyekundu iliyoiva kama punje ya komamanga, diopsaidi ya kijani iliyokolea, na ilmenaiti nyeusi yenye chuma na titani. Hizi ni dalili za njia. Mvua huzichukua kutoka katika mwamba na kuzitawanya katika vijito. Mtafuta almasi huosha mchanga wa kijito, huzihesabu punje hizo, naye huzifuata zinakozidi kuwa nyingi mpaka afike kwenye shina.

Perovskaiti na apataiti. Punje hizi ni ndogo sana. Apataiti ina fosforasi, nayo ni jamaa ya kitu kile kinachoimarisha mifupa yetu na meno yetu. Perovskaiti ina uranikidogo, na kwa kupima jinsi urani hiyo ilivyopungua wataalamu huujua umri wa mwamba.

Na almasi? Hiyo ni haba mno. Katika mgodi wa Mwadui, kwa miaka ya karibuni, tani 100 za mwamba hutoa karati kama sita au saba, yaani uzito wa gramu moja na ushei. Anayedhani kwamba almasi huokotwa kama embe zilizoanguka ataona hapa jinsi alivyokosea.

3. Mwadui

Mwadui uko Shinyanga. Mwamba wake uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa mawe kutoka Kanada. Eneo lake juu ya ardhi ni kama hektari 146, nao ni mmoja katika iliyo mikubwa kabisa duniani kati ya ile iliyopata kuchimbwa kwa faida. Wenyeji walilima na kuchunga juu yake vizazi kwa vizazi pasipo kujua, kwani ulifunikwa kwa udongo na changarawe. Umri wake ni kama miaka milioni 50. Katika Oktoba 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake, na ilipokatwa ikabaki karati 23.6.

Lakini hatupendi kusimulia utamu tu. Mnamo Novemba 2022 ukuta wa bwawa la matope ya mgodi huo ulibomoka, na matope yakafunika mashamba na makazi ya watu wa karibu. Mwamba hutoa gramu moja katika tani 100, na zile tani 100 hazina budi kuwekwa mahali. Mali ya chini ya ardhi ina gharama yake, na mara nyingi jirani ndiye huilipa.

4. Vilima vya Igwisi

Sasa tuje kwenye ajabu yenyewe. Magharibi ya Tabora, katika nchi ya Urambo ambayo wazee wa pwani waliijua kwa habari za Mtemi Mirambo na kwa njia ya misafara ya Ujiji, viko vilima vitatu vidogo viitwavyo Igwisi. Mpita njia asingevisimamia. Havina urefu wa kumtisha mtu, wala theluji, wala moshi. Lakini kila kilima ni volkano ndogo, na mawe yake ni ya jamaa ya kimbalaiti.

Ajabu ya kwanza ni ujana wake. Kimbalaiti nyingine duniani nyingi zina umri wa mamilioni ya miaka, makumi kwa mamia. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba volkano za Igwisi zilitoka kama miaka 12,000 iliyopita, na hesabu hiyo huweza kuzidi au kupungua kwa miaka elfu kadhaa. Waliipata kwa kupima hewa ya heliamu inayokusanyika ndani ya punje za olivini kwa sababu ya miali itokayo mbinguni: jiwe likikaa juani siku nyingi, heliamu huongezeka. Basi volkano hizi zilitoka wakati watu walikuwa tayari wakiishi katika Afrika, nazo ndizo changa kabisa za aina hii zijulikanazo.

Ajabu ya pili ni kwamba zimebaki nzima. Kwingineko mvua na upepo wa miaka mingi vimekwisha futa kila kitu kilichokuwa juu, na kinachobakia ni lile shimo la chini tu, mithili ya chungu kilichovunjika kikabaki kitako. Igwisi bado mtu huona vinywa vya volkano, majivu yaliyorushwa, na hata uji wa mwamba uliotiririka juu ya ardhi kisha ukaganda. Uji wa kimbalaiti uliotiririka juu ni jambo la nadra mno duniani.

Ajabu ya tatu imo ndani ya jiwe. Olivini ya Igwisi haikugeuka serpentini, ingali safi. Nyingine ni punje kubwa za mviringo kama mayai madogo, zimelainishwa kwa kusuguana safarini kutoka chini. Ndani ya baadhi yake zimo ganeti, diopsaidi na kromaiti, zilizofungwa humo tangu zilipokuwa katika kina cha nchi. Kinachozishika punje hizo pamoja ni kalsaiti nyingi, pamoja na olivini ndogo, perovskaiti, spineli, apataiti na serpentini. Vijiti vya kalsaiti vimelala vikielekea upande mmoja, kama majani yalivyolazwa na maji ya mto. Hii ni dalili kwamba chokaa hiyo haikuingia baadaye kwa maji ya mvua. Ilikuwamo katika uji ulipokuwa ukitiririka.

Kwa sababu hiyo wataalamu walibishana. Wengine walisema hii ni kimbalaiti hasa. Wengine walilitumia jina hilo kwa tahadhari, wakiona kwamba chokaa na hewa ya kaboni vimezidi mno. Twaona faida katika ubishi huo. Jina la jiwe ni kazi ya binadamu. Jiwe lenyewe halikuumbwa kufuata majina yetu. Na hapo hapo Tanzania, kaskazini, uko mlima wa Oldoinyo Lengai ambao uji wake umejaa magadi na hewa ya kaboni na karibu hauna silika kabisa. Hutoka mweusi na kisha hugeuka mweupe. Igwisi si jamaa yake wa karibu, lakini mawe haya mawili yatufundisha kwamba si kila volkano hutoa jiwe la aina moja.

Na shehena je? Hakuna mgodi wa almasi Igwisi. Jahazi limefika, tena limefika zima na tanga lake, na katika mizigo yake wataalamu wamepata elimu.

5. Jaribio la tone la siki

Mwalimu atauliza: Nitawaonyeshaje wanafunzi wa Wete au Micheweni jambo la Unyamwezi? Kitu kimoja kilichomo katika jiwe la Igwisi kimo katika kila tanuu ya chokaa ya Pemba.

Chukua kipande cha jiwe la maweni au cha matumbawe. Kifute, kikwangue kidogo upate unga, kisha dondosha siki kali juu ya unga huo. Utaona povu. Povu hilo ni hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Hewa hiyo hiyo ndiyo inayotoka katika tanuu: ratili 100 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa hubaki ratili 56, na zile 44 zimeruka angani. Sasa dondosha siki juu ya mchanga mweupe wa kwatzi, hutaona kitu. Mawe meusi ya kawaida ya volkano nayo hayatoi povu. Lakini jiwe la Igwisi, ingawa limetoka katika moto, lina kalsaiti ile ile ya matumbawe yetu, na asidi huifanya kutoa povu. Kitu kimoja, asili mbili: kimoja kimejengwa na wadudu wa baharini, kingine kimepanda kutoka chini ya nchi.

6. Kwa nini Pemba hapana

Almasi na mwamba wake hufuata kanuni. Migodi mikubwa ya kimbalaiti huonekana katika nchi za kale mno, ambazo mizizi ya miamba yake imeshuka chini sana na imetulia kwa miaka zaidi ya milioni 2,500. Usukuma na Unyamwezi zimekaa juu ya mzizi wa namna hiyo. Pemba sivyo.

Kisiwa chetu kimefanyika kwa mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, vilivyoletwa na maji na bahari na kulazwa tabaka juu ya tabaka. Upande wa magharibi ni vilima vya udongo mzito vipendwavyo na mikarafuu; upande wa mashariki pana maweni mengi. Baina yetu na bara upo mkondo wenye kina kipatacho mita 800. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kilichimbwa Pemba kisima cha kutafuta mafuta, kikashuka zaidi ya mita 3,000, nacho kilikuwa kikipita katika tabaka za namna hiyo. Mwenye kutafuta kimbalaiti katika shamba la Chake Chake ni kama mwenye kutega dema juu ya mnazi.

7. Kupima kijiwe

Basi mtu akileta kijiwe, mwalimu asimcheke. Ampimie mbele yake, kwa utaratibu huu.

Kwanza, asiridhike kwa kukwaruza kioo. Kwatzi nayo hukwaruza kioo, na wengi wamedanganywa kwa jaribio hilo moja.

Pili, akisugue kwa nguvu juu ya msasa mgumu wa fundi chuma. Kwatzi na kioo vitapoteza mng'ao vikawa na ukungu, almasi haidhuriki.

Tatu, akipime uzito wake hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, kwa mizani nyepesi. Kwatzi ni nzito kuliko maji mara 2.65, na almasi mara 3.5.

Nne, asikipige nyundo. Wako wasemao kwamba almasi haivunjiki. Huo ni uongo. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini hupasuka ikipigwa.

Na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mawimbi mpaka kikawa laini, hicho huhitaji macho tu.

Tena tuwakumbushe masheha kwamba katika Tanzania Bara biashara ya madini hutaka leseni. Mgeni akija usiku na almasi katika karatasi, akitaka fedha taslimu na kuomba jambo liwe siri, siri hiyo yenyewe ni ushahidi. Mwenye mali halali huipeleka mchana mahali pa kupimwa.

Wazee wetu mabaharia walitwambia, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nyota ya Shinyanga ni Mwadui. Nyota yetu iko katika udongo huu uliolazwa na maji, nao hauna almasi, lakini huzaa karafuu. Kila nchi ina mwamba wake, na mwenye kuujua mwamba wake haibiwi kwa urahisi.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini wachimbaji wa kwanza wa Kimberley waliuza viwanja vyao, na walikosea nini?
2. Eleza kwa mfano wa jahazi tofauti ya umri wa almasi na umri wa kimbalaiti.
3. Linganisha silika ya kwatzi, ya mawe ya Mwanza na ya kimbalaiti.
4. Taja mambo matatu yanayoyatenga mawe ya Igwisi na kimbalaiti nyingine.
5. Ratili 250 za jiwe safi la chokaa zikiungua sawasawa, zitabaki ratili ngapi, na nyingine zimekwenda wapi?
6. Mtu amekwaruza kioo kwa kijiwe chake, naye asema ni almasi. Utamjibu nini, nawe utampimia vipi?